Rubani Abhinandan na ndege ya MiG-21: saa 60 mikononi mwa adui

Wengi wenu mliiona ile video kwenye simu zenu mwaka 2019, hata kama hamkujua inatoka wapi. Mwanamume mwenye masharubu mazito, jicho moja limevimba, amesimama akiwa na kikombe cha chai mkononi. Anaulizwa jina, anajibu. Anaulizwa ametoka sehemu gani ya nchi yake, anajibu kwa mkato kwamba ni kusini. Anaulizwa kama chai anaipenda, anaisifia. Kisha anaulizwa alikuwa akirusha ndege gani na alitumwa kufanya nini. Hapo anakataa, kwa upole kabisa, kwamba hilo haruhusiwi kulisema.

Mtu huyo ni Abhinandan Varthaman, rubani wa jeshi la anga la India, wakati huo akiwa na cheo cha Wing Commander, ambacho ni sawa na Luteni Kanali kwa jeshi la nchi kavu. Waliomshika ni jeshi la Pakistan. Ndege ambayo hakutaka kuitaja ilikuwa MiG-21, na mabaki yake yalikuwa tayari yanaungua mlimani na kuonyeshwa kwenye televisheni.

Tunairudia habari hii kwa sababu tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Chandigarh kaskazini mwa India, ndege hizo za MiG-21 zilistaafishwa rasmi baada ya miaka 62 ya kazi. Picha za sherehe zilipozunguka, ile video ya chai ikarudi nayo. Na pamoja nayo yakarudi maswali. Kwa nini rubani alitumwa vitani na ndege ya zamani kiasi hicho? Kwa nini hakuuawa? Na kwa nini Pakistan ilimrudisha upesi namna ile?

Tuanze na siku zenyewe.

Kashmir ni eneo la milima ambalo India na Pakistan zimekuwa zikiligombania tangu nchi hizo mbili zilipotengana mwaka 1947. Kila moja inashikilia sehemu, na katikati pamepita mpaka wa kijeshi unaoitwa Mstari wa Udhibiti. Tarehe 14 Februari 2019, upande wa India, katika wilaya ya Pulwama, mtu aliyejitoa mhanga aligonga kwa gari lenye mabomu msafara wa askari wa kikosi cha polisi cha serikali kuu. Askari 40 walikufa. Kundi la Jaish-e-Mohammed, lenye makao yake Pakistan, lilisema ndilo lililofanya.

Siku kumi na mbili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 26, ndege za India zilivuka na kushambulia karibu na mji wa Balakot, ndani ya Pakistan kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita vya 1971. India ilisema imeteketeza kambi na kuua wapiganaji wengi. Pakistan ikasema mabomu yameangukia miti. Kesho yake asubuhi, tarehe 27, Pakistan nayo ikatuma ndege zake kujibu. India ikarusha zake kuzizuia, na miongoni mwa marubani waliopanda haraka kutoka uwanja wa Srinagar alikuwamo Abhinandan, wa kikosi namba 51.

Aliwafukuza waliokuja, akavuka Mstari wa Udhibiti, ndege yake ikapigwa kombora. Taarifa zilizochapishwa India baadaye zilieleza kwamba waongozaji wa ardhini walimwambia ageuke arudi, lakini hakuwasikia kwa kuwa mawasiliano ya redio yalikuwa yamevurugwa makusudi na upande wa pili. Alivuta kiti cha dharura kinachomrusha rubani nje, mwavuli ukafunguka, akateremka karibu na kijiji cha Horran, wilaya ya Bhimber, kilomita kama saba ndani ya eneo linaloshikiliwa na Pakistan.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wachambuzi wengi hupaharakisha. Wao huruka moja kwa moja kwenda kwa mawaziri na majenerali. Lakini kwa dakika kadhaa asubuhi ile, roho ya mtu huyu haikuwa mikononi mwa waziri yeyote. Ilikuwa mikononi mwa wanakijiji.

Kwa maelezo ya walioshuhudia, kama magazeti ya Pakistan yalivyoyaandika, rubani alipofika chini aliwauliza vijana waliomkimbilia: hapa ni India au Pakistan? Kijana mmoja, kwa ujanja, akamjibu ni India. Rubani akapaza sauti akiitukuza India. Vijana hawakuvumilia, wakaitikia kwa kuitukuza Pakistan. Akajua amenaswa. Alichomoa bastola, akapiga risasi hewani, akakimbia kama nusu kilomita, akaruka ndani ya kidimbwi. Humo majini alitoa karatasi na ramani kwenye mifuko, nyingine akajaribu kuzimeza, nyingine akazilowesha zisisomeke. Watu wakamfikia, wakampiga kwa mikono, mateke na mawe, mpaka askari wa Pakistan walipofika wakamwondoa. Mwenyewe, akiwa kizuizini, alisema ni afisa wa jeshi la Pakistan aliyemwokoa kutoka kwa kundi lile.

Tujiulize kwa haki: wanakijiji wale walikuwa na hasira ya nini? Watu wanaoishi karibu na Mstari wa Udhibiti wamepigwa makombora ya mizinga kwa miaka mingi, upande huu na upande ule. Mtoto wa huko hujua mlio wa mzinga kama mtoto wa kwetu anavyojua mlio wa mashine ya kusaga. Halafu siku moja, kutoka mbinguni, anashuka mtu wa upande wa adui, yuko peke yake, miguu yake iko kwenye shamba lako. Waswahili husema adui mwombee njaa. Nani angemwombea chai?

Hata hivyo sheria haikuacha jambo hili kwenye hasira za mtu. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 ilitiwa saini na nchi zote mbili, na inafanya kazi hata pale ambapo hakuna aliyetangaza vita rasmi. Kinachotazamwa ni kama mapigano yapo. Mkataba wa tatu kati ya hiyo minne ndio unaohusu wafungwa wa vita. Unasema mfungwa atendewe kibinadamu wakati wote. Alindwe dhidi ya kupigwa, kutishwa na kutukanwa. Na kuna maneno machache ndani ya kifungu cha 13 ambayo mwaka 1949 pengine yaliwafikiria watu wanaosimama kando ya barabara kuwazomea wafungwa wakipitishwa: alindwe pia dhidi ya udadisi wa umma. Asifanywe tamasha.

Ipo na kanuni nyingine, iliyoandikwa kwenye Itifaki ya Geneva ya 1977: anayeteremka kwa mwavuli kutoka ndege iliyoharibika hashambuliwi akiwa angani, na akifika chini hupewa kwanza nafasi ya kujisalimisha. India na Pakistan hazijairidhia itifaki hiyo, lakini kanuni yenyewe inahesabiwa kuwa desturi ya vita inayombana kila mpiganaji. Hasira ya raia pia haifuti ulinzi huo. Jeshi linalomchukua rubani linawajibika kumlinda hata dhidi ya watu wake lenyewe, na hivyo ndivyo askari wale walivyofanya pale kidimbwini.

Kwa lugha yetu tuna shida ndogo hapa. Neno “mateka” tunalitumia kwa watu wa aina mbili. Abiria wa basi waliotekwa na majambazi ili ilipwe fedha, tunawaita mateka. Askari aliyekamatwa vitani, naye tunamwita mateka. Kisheria hao ni mbali na mbali. Kumteka mtu ili umtumie kudai kitu ni kosa hata wakati wa vita. Kumkamata askari wa adui si kosa, wala yeye kukamatwa si kosa. Hakushtakiwa kwa jinai yoyote, amezuiliwa tu asirudi kupigana. Ndiyo maana hulazimiki kumtoa kwa malipo, na vita vikiisha lazima aende kwao. Akiulizwa maswali, analazimika kutoa mambo manne tu: jina lake kamili, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Rubani wetu alipokataa kutaja aina ya ndege akiwa na kikombe mkononi, alikuwa anaitumia haki hiyo, na kwa sifa yao waliomhoji mbele ya kamera hawakumlazimisha.

Sasa simu. Video ya kwanza iliyotoka haikuwa ya chai. Ilimwonyesha Abhinandan akiwa na damu usoni, amefungwa kitambaa machoni, anahojiwa. Nyingine ilimwonyesha akipigwa pale kijijini. Kwa saa chache zilikuwa zimezunguka India nzima na Pakistan nzima. Serikali ya India ilipinga, ikisema kumwonyesha askari aliyejeruhiwa kwa namna ile ni kuvunja sheria ya kimataifa na Mkataba wa Geneva. Ilikuwa na haki kusema hivyo. Baadhi ya video zilizokuwa zimewekwa na watu wa serikali ya Pakistan ziliondolewa, kisha ndipo ikaja ile ya chai.

Watu wengi walioiona ile ya chai walifarijika, nasi tulifarijika. Lakini tukisoma kifungu cha 13 kwa uaminifu, nayo ilikuwa na kasoro. Mtu aliye chini ya ulinzi wa adui, aliyepigwa asubuhi, anapoulizwa na walinzi wake kama anatendewa vizuri, atajibu nini? Anaweza kuwa anasema kweli. Anaweza kuwa anasema kinachompa usalama. Sisi watazamaji hatuna namna ya kupambanua, na ndiyo sababu sheria inataka uso wake usitangazwe kabisa. Siku ya kuachiwa, muda mfupi kabla hajavuka mpaka, ilirushwa video nyingine ambayo anawasifu wanajeshi wa Pakistan na kuvilaumu vyombo vya habari vya India. Picha ilikuwa imekatwakatwa na kuunganishwa mara nyingi, kila mwenye macho aliona.

Na tamasha halikuishia hapo. Mwishoni mwa mwaka ule makumbusho ya jeshi la anga la Pakistan mjini Karachi yaliweka sanamu ya rubani huyo, na kikombe cha chai karibu yake. Upande wa India vijana walikwenda kwa vinyozi kunyoa masharubu kama yake. Nchi moja ilimfanya kichekesho na nyingine ikamfanya shujaa wa matangazo.

Tuje kwenye swali la kuachiwa. Tarehe 28 Februari, Waziri Mkuu wa Pakistan wakati huo, Imran Khan, alisimama bungeni akatangaza kwamba rubani ataachiwa kesho yake kama ishara ya amani. Tarehe 1 Machi watu walisubiri mpakani, upande wa India wa Attari, tangu mchana. Aliletwa kwenye lango la Wagah usiku, yapata saa tatu na dakika ishirini, amevaa koti la kiraia, akatembea kwa miguu mpaka upande wa kwao. Saa 60 hivi tangu aanguke.

Kwa nini haraka hivyo? Khan alisema ni amani. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alipokuwa kwenye kampeni za uchaguzi Aprili mwaka ule, aliwaambia wananchi kwamba Pakistan ilikuwa imeonywa, na kwamba rubani asingerudishwa ungekuwa usiku wa mauaji. Mike Pompeo, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, aliandika baadaye kwamba aliamshwa usiku akiwa Hanoi, Vietnam, kuzungumza na mwenzake wa India, aliyeamini kuwa Pakistan inaandaa silaha za nyuklia na India inafikiria kufanya vilevile. Saudi Arabia na Falme za Kiarabu nazo zilikuwa zikizungumza na pande zote mbili.

Kwa maoni yetu, mtu hana haja ya kuchagua moja kati ya hizo. Rubani aliye hai ni mzigo na ni ufunguo kwa wakati mmoja. Akiendelea kukaa kizuizini, kila siku serikali ya kwao inabanwa ifanye jambo, na aliyemshika anabanwa amlinde. Akifa, mlango unafungwa. Akirudi akitembea, kila upande unaweza kwenda kwa watu wake na kusema tumeshinda. Pakistan ilisema imeshinda kwa ustaarabu, India ikasema imeshinda kwa kuogopwa, na makombora yakabaki kwenye maghala. Hilo lisingewezekana kama wale askari wangechelewa robo saa kufika kidimbwini.

Tunalisema hilo kwa sababu upo mfano wa upande mwingine. Tarehe 27 Mei 1999, katika vita vya Kargil, hukohuko Kashmir, rubani kijana wa India aitwaye Kambampati Nachiketa alizimikiwa na injini ya MiG-27 yake akajirusha nje. Alikamatwa, akapigwa, mpaka afisa wa Pakistan wa cheo cha juu zaidi alipoingilia kati. Baada ya siku nane alikabidhiwa kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu akarudi nyumbani. Siku ileile, rubani mwingine, Ajay Ahuja, alibaki angani na MiG-21 yake akimtafuta Nachiketa. Ikatunguliwa. Ahuja naye alijirusha, lakini kilichorudi kwao ni maiti, na India inashikilia kwamba alipigwa risasi baada ya kufika chini akiwa hai. Siku moja, eneo moja, jeshi moja lililowangoja chini. Tofauti ilikuwa nani alimfikia kwanza, na mtu huyo alikuwa na moyo gani.

Ndege yenyewe sasa, maana wapo waliosubiri sehemu hii tu.

MiG-21 ilibuniwa katika Umoja wa Kisovieti miaka ya 1950 ikaanza kazi mwaka 1959. Ni ndege nyembamba, mabawa yake madogo ya pembetatu, injini moja, na puani ina tundu la kuvuta hewa lenye koni katikati. Kazi iliyokusudiwa ilikuwa moja: kupanda juu kwa kasi kubwa, kumfikia mshambuliaji wa adui, kumpiga na kurudi. Hukimbia mara mbili ya mwendo wa sauti. Ilikuwa rahisi kutengeneza na bei yake nafuu, ndiyo maana zilitengenezwa zaidi ya 11,000, idadi ambayo hakuna ndege nyingine ya kivita inayovuka mwendo wa sauti iliyoifikia. Zilienea kila mahali, hata kwetu. Uganda ya Idi Amin ilikuwa nazo, na baadhi ya ndege zake za MiG ziliteketezwa na Waisraeli pale Entebbe mwaka 1976. China iliinakili ikaiita F-7, na jeshi la Tanzania limezirusha hizo.

India ilipata za kwanza mwaka 1963, kisha ikapewa kibali cha kuzitengeneza yenyewe. Zilipigana mwaka 1971 na 1999. Marubani wa vizazi viwili walizipitia. Baba yake Abhinandan mwenyewe, aliyestaafu akiwa Air Marshal, aliwahi kuwa rubani wa MiG-21. Ile aliyokuwa nayo mwanawe ilikuwa ya toleo la Bison, yaani mwili wa zamani uliowekewa rada mpya, makombora mapya na kofia inayomwezesha rubani kulenga kwa kutazama. Ni kama kuchukua lori la mwaka 1975, ukalifunga taa za kisasa na breki mpya. Litakwenda, na dereva hodari atafika nalo mbali. Lakini fremu ni ileile.

Wahindi wenyewe waliipa jina baya: jeneza linaloruka. Mwaka 2012 Waziri wa Ulinzi aliliambia bunge la India kwamba zaidi ya nusu ya ndege 872 za familia ya MiG zilizonunuliwa zilikuwa zimeanguka, na ajali hizo zimeua marubani 171 na raia 39. Wapenzi wa filamu za Kihindi huenda waliiona Rang De Basanti ya mwaka 2006, ambayo kisa chake kinageuka pale rubani kijana anapokufa katika ajali ya MiG.

Lakini tuwe waangalifu na jina hilo. Si kila ajali ilitokana na uzee. Ndege hii hutua kwa mwendo mkubwa sana, karibu kilomita 300 kwa saa, na injini yake ikizimika hakuna nyingine ya kukushikilia. Kwa miaka mingi India haikuwa na ndege nzuri ya kati ya kufundishia. Kijana alitolewa kwenye ndege ya mwendo wa polepole akawekwa kwenye MiG-21 moja kwa moja, kama mtu aliyejifunzia baiskeli akapewa pikipiki kubwa. Ndege ya mafunzo ya Hawk ilifika mwaka 2008 tu. Kwa hiyo marubani wengi waliuawa na maamuzi ya ofisini kabla ya kuuawa na mashine.

Na wanaolipa si marubani peke yao. Tarehe 8 Mei 2023, MiG-21 ilianguka kijijini katika wilaya ya Hanumangarh, jimbo la Rajasthan. Rubani alijirusha akapona. Ndege ikaangukia nyumba, wanawake watatu wakafa wakiwa nyumbani kwao.

Kwa nini basi haikuondolewa mapema? Kwa sababu iliyotarajiwa kushika nafasi yake, Tejas, inayotengenezwa na India yenyewe, imekuwa na safari ndefu mno. Mradi huo uliidhinishwa mwaka 1983, mwaka aliozaliwa Abhinandan. Alikua, akasoma, akajiunga na jeshi, akapanda cheo, akatunguliwa, bado ndege iliyomstahili haijafika kwa idadi ya kutosha. MiG-21 zilipostaafu Septemba 2025, vikosi vya ndege za kivita vya India vilibaki 29, wakati vilivyoidhinishwa ni 42. Siku moja kabla ya sherehe ya kuziaga, serikali ilisaini mkataba wa Tejas nyingine 97.

Kuna jambo moja la asubuhi ile ya Februari ambalo India haikupenda kulizungumza kwa miezi kadhaa. Wakati wote wakitazama mapigano ya ndege mpakani, helikopta ya India aina ya Mi-17 ilianguka Budgam, karibu na Srinagar. Wanajeshi sita walikufa, na raia mmoja aliyekuwa chini. Oktoba mwaka ule mkuu wa jeshi la anga alikiri: ni kombora la India lenyewe lililoipiga, na lilikuwa kosa kubwa. Wazee wetu wa Musoma hawatashangaa. Novemba 1978, vita vya Kagera vikianza, walinzi wa anga wa Tanzania mjini humo walizitungua ndege za jeshi lao kwa kudhani ni za Amin. Watu saba wa Budgam hawakupata sanamu wala mtindo wa masharubu.

Ubishi mmoja haujaisha mpaka leo. India inasema Abhinandan, kabla ya kupigwa, aliitungua ndege ya Pakistan aina ya F-16, na kwa hilo akatunukiwa nishani ya Vir Chakra, aliyovishwa Novemba 2021. Pakistan inakana kupoteza F-16 yoyote. Jarida la Marekani la Foreign Policy liliandika Aprili 2019 kwamba Wamarekani walizihesabu ndege hizo wakazikuta zimetimia. India haijakubali. Mpaka yaonekane mabaki au jina la rubani aliyekuwa ndani yake, sisi hatutalitangaza kama jambo lililothibitishwa.

Mei 2025 nchi hizo mbili zilipigana tena kwa siku nne. Safari hii ndege hazikuvuka mpaka. Zilirushiana makombora kila moja ikiwa upande wake, umbali ambao macho hayafiki. Mkuu wa majeshi ya India alikiri mwishoni mwa mwezi kwamba ndege zao kadhaa zilipotea. Hakuna rubani aliyeonyeshwa akiwa mfungwa. Hata hivyo simu zilijaa habari kwamba rubani wa kike wa India amekamatwa, na jina lake likatajwa, na picha zikawekwa. Haikuwa kweli, na serikali ya India ikakanusha. Video nyingine zilizosambazwa kama mapambano ya ndege zilikuwa zimetoka kwenye michezo ya kompyuta, kama ilivyokuwa pia 2019.

Mwanamke yule ana wazazi, na wazazi wana simu. Huku kwetu pia, kutoka mashariki mwa Kongo na Sudan, zinatufikia picha za watu waliofungwa mikono wakilazimishwa kutaja majina yao mbele ya kamera. Tukiletewa hapa studioni, hatutangazi jina wala kurusha sauti ya aliyekamatwa mpaka upande wake uthibitishe, maana mama yake asijulie kwetu. Wengine hutulaumu kuwa tunachelewa. Asubuhi ya tarehe 27 Februari 2019 msemaji wa jeshi la Pakistan alitangaza kwamba marubani wawili wa India wamekamatwa, na redio nyingi duniani zikasema wawili. Jioni msemaji huyohuyo akarekebisha: ni mmoja.